TALAKA TATU! Nani kala hasara Duma alipoondoka Kansas City?

Msomaji wangu, wewe unayependa kujua nani kampiga nani kibuti, leo nakuletea kasheshe la kuachana ambalo ndani yake hamna mwanamke wala chumba cha gesti. Humu kuna mwanaume mmoja mwenye mbio za ajabu, timu iliyomtoa kwenye vumbi, na mashabiki kibao ambao mpaka leo hawajakubaliana nani alimwacha nani, na baada ya kuachana nani kala hasara.

Jamaa anaitwa Tyreek Hill. Wamarekani walimbatiza jina la 'Cheetah', yaani Duma, na aliyewahi kumwona akikimbia hawezi kubisha. Kazi yake ni kucheza futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kuvaa kofia ngumu na kugongana kama magari. Tarehe 23 Machi 2022, timu yake ya Kansas City Chiefs ilimtoa kwenda Miami Dolphins, na ubishi ulioanza siku hiyo haujakauka.

Kansas City wanasifika kwa nyama choma. Siku ya mechi mashabiki hufika mapema kwenye maegesho ya Uwanja wa Arrowhead na majiko yao, nyama inageuzwa, vinywaji baridi vinashuka, na maneno yanaanza. Wapo wanaosema kumuuza Duma ilikuwa akili nyingi. Wapo wanaosema yalikuwa makosa ya mwaka yaliyofunikwa na bahati. Na huku kwetu, sisi wachache tunaokesha mbele ya televisheni mpaka jogoo anawika, tunao ubishi ule ule. Tofauti ni kwamba sisi tunabishana kwa sauti ya chini ili wenye nyumba wasiamke.

Mimi nimeuchambua ugomvi huu kama ndoa iliyovunjika. Na bahati nzuri mwaka huo huo wa 2022 zilivunjika ndoa nyingine mbili za aina hiyo hiyo. Kwa hiyo tunazo talaka tatu za kulinganisha. Kaa mkao wa kula.

MDAKAJI NI NANI HASA?

Kwanza tuelewane, maana si kila mtu anaujua mchezo huu. Kila upande una watu 11 uwanjani. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10 mbele. Ikifanikiwa inapewa mengine manne, ikishindwa mpira unakwenda kwa wenzao. Kuufikisha mpira kwenye eneo la mwisho la adui kunaitwa tachidauni, na hapo unapata pointi 6.

Bosi wa mashambulizi anaitwa kotabeki. Huyu ndiye mrushaji, kila kitu kinaanzia mikononi mwake. Sasa pembeni kabisa ya uwanja, karibu na mstari, anasimama jamaa mwembamba mwenye mbio. Huyo wanamwita waidi risiva. Mimi humu nitamwita mdakaji. Kazi yake ni kumtoroka beki, kwenda mahali walipokubaliana na kuudaka mpira ukiwa hewani.

Hapo ndipo ubishi unapozaliwa. Mdakaji hana mpira mpaka arushiwe. Hata akiwa hodari namna gani, mrushaji akiwa kimeo, naye anaonekana kimeo. Ndiyo maana ile tuzo kubwa ya mchezaji mwenye thamani kuliko wote katika ligi yao ya NFL, inayotolewa na shirika la habari la AP, haijawahi kwenda kwa mdakaji hata mmoja. Hata Jerry Rice, ambaye wengi wanamwita mdakaji bora wa enzi zote, alidaka tachidauni 22 katika mechi 12 tu mwaka 1987, na bado tuzo ikaenda kwa mrushaji, John Elway.

Lakini usimdharau mdakaji. Akiwa tishio kweli, mabeki wawili humfuata yeye peke yake, na wenzake wanabaki na nafasi ya kujivinjari. Anakuwa kama yule rafiki yako mzuri wa sura: mkiingia ukumbini wote macho kwake, wewe unapita nyuma unakula pilau bila kusumbuliwa. Kazi hiyo haiandikwi kwenye takwimu, lakini ipo.

NDOA ILIKUWA TAMU

Duma hakuingia NFL kwa zulia jekundu. Kila mwaka, mwezi wa Aprili, timu za NFL huchagua chipukizi kutoka vyuoni kwa zamu. Zoezi hilo linaitwa drafti. Mwaka 2016 Hill alisubiri mpaka mzunguko wa tano, akachukuliwa mtu wa 165. Ndani ya muda mfupi, mtoto huyo wa mkiani akawa kiboko ya mabeki.

Mwaka 2018 Chiefs wakamkabidhi mpira kijana anayeitwa Patrick Mahomes, mrushaji mwenye mkono kama manati. Basi ikawa raha juu ya raha. Yule anarusha mbali, huyu anakimbia mbali.

Tarehe 2 Februari 2020 walikuwa kwenye fainali kubwa ya Super Bowl dhidi ya San Francisco 49ers. Zimebaki dakika saba na sekunde chache, Chiefs wako nyuma 20 kwa 10, jaribio la tatu, wanahitaji yadi 15. Hali ni ngumu kinoma. Mahomes akarudi nyuma, akarudi tena, akarusha. Duma alikuwa peke yake kama mtu aliyesahauliwa kwenye kituo cha basi. Yadi 44. Kutoka hapo mchezo uligeuka, Chiefs wakashinda 31 kwa 20, na Kansas City wakapata taji lao la kwanza baada ya miaka 50.

Unaona? Mtu aliyekutoa mkosi wa miaka 50 humwachi hivi hivi. Ndivyo wanavyosema wale wa kambi ya Duma, na hapo sina la kuwapinga.

Januari 2022 akafanya tena. Katika mtoano dhidi ya Buffalo Bills, ikiwa imebaki dakika moja na sekunde mbili, alidaka mpira na kukimbia yadi 64 mpaka tachidauni, huku akimwonyesha beki vidole viwili vya kumuaga. Mechi iliisha 42 kwa 36 katika muda wa nyongeza. Lakini wiki iliyofuata, wakiwa nyumbani kwao, Chiefs waliongoza 21 kwa 3 dhidi ya Cincinnati Bengals, wakaishia kufungwa 27 kwa 24, tena kwenye muda wa nyongeza. Mpira wa mwisho aliorushiwa Duma akiwa na jezi nyekundu ya Kansas City uliguswa na beki mmoja ukaangukia mikononi mwa beki mwingine.

Ndoa nyingi zinakufa hivyo, msomaji wangu. Jumapili mnacheka, Jumapili ya pili kila mtu anafunga begi lake.

MSHIKO NDIO ULIOLETA MANENO

Katikati ya Machi 2022 mdakaji mwingine hatari, Davante Adams, alitolewa na Green Bay Packers kwenda Las Vegas Raiders, akapewa mkataba wa wastani wa dola milioni 28 kwa mwaka. Duma akaona. Binadamu ni binadamu. Jirani akijenga ghorofa, wewe unaanza kuhesabu mabati yako.

Tatizo NFL si kama soka ya Ulaya, ambako tajiri anatoa mfukoni mpaka achoke. Kule kila timu ina kikomo cha mishahara, na mwaka 2022 kikomo kilikuwa dola milioni 208.2 kwa kila timu. Mfuko huo unalisha kikosi cha watu 53. Mahomes tayari alishasaini mwaka 2020 nyongeza ya miaka 10 yenye thamani ya dola milioni 450, yaani wastani wa milioni 45 kwa mwaka. Mwongezee Duma milioni 30, watu wawili wanakula wastani wa milioni 75. Mabeki, walinzi wa Mahomes na wengineo wagawane kilichobaki. Wahasibu wa timu wana ujanja wa kusogeza malipo mbele na nyuma, lakini deni halifi.

Miami wakaja na mahari. Walitoa nafasi tano za kuchagua chipukizi kwenye drafti: ya mzunguko wa kwanza, ya pili na ya nne za mwaka 2022, kisha ya nne na ya sita za mwaka 2023. Hill akapewa mkataba mpya wa miaka minne wenye nyongeza ya dola milioni 120. Tia hapo jua la Florida na bahari. Nani angekataa?

KAMBI MBILI, KILA MOJA NA USHAHIDI WAKE

Sasa tuingie kwenye ubishi wenyewe. Msimu wa 2022 kila upande ulipata cha kujivunia.

Kambi ya Duma walisema: tazameni Miami! Msimu wake wa kwanza kule alidaka mipira 119 kwa yadi 1,710. Mwaka 2023 akadaka tena 119, safari hii kwa yadi 1,799, akawa namba moja wa yadi katika ligi nzima. Mrushaji wa Miami, Tua Tagovailoa, ambaye kabla ya hapo watu walikuwa wanamtilia shaka, mwaka 2023 aliongoza ligi kwa yadi za kurusha, 4,624. Septemba 2023 Miami waliwatwanga Denver Broncos 70 kwa 20. Sabini! Hiyo ni futiboli au ni kikapu?

Kambi ya pili walijibu: sawa, na Kansas City je? Msimu wa 2022, bila Duma, Mahomes alirusha yadi 5,250, zaidi ya alizorusha mwaka uliotangulia akiwa naye. Chiefs wakawa timu yenye pointi nyingi kuliko zote, Mahomes akatwaa tuzo ya thamani, na Februari 2023 wakawafunga Philadelphia Eagles 38 kwa 35 kwenye Super Bowl. Moja ya tachidauni za mwisho siku hiyo ilidakwa na Skyy Moore, kijana aliyepatikana kutokana na mahari ya Miami!

Kambi ya Duma hawakunyamaza. Wakasema Moore msimu wote wa kawaida alidaka mipira 22 tu, utamlinganishaje na Duma? Na ngoja ngoja ya 2023 ikawapa nguvu. Mechi ya kwanza ya msimu huo, mdakaji Kadarius Toney aliuachia mpira ukamponyoka mikononi, ukadakwa na adui na kurudishwa mpaka tachidauni, Chiefs wakafungwa na Detroit Lions 21 kwa 20. Novemba mdakaji mwingine akaangusha mpira wa ushindi dhidi ya Eagles. Sikukuu ya Krismasi wakafungwa na Raiders nyumbani kwao. Wadakaji wa Kansas City walikuwa wanadondosha mipira kama mtu aliyepaka mafuta ya kupikia mikononi. Pointi zao za msimu zikashuka kutoka 496 hadi 371.

Ukweli usemwe: hapo kambi ya Duma walikuwa na haki ya kupiga kelele. Pengo lilionekana hata kwa mtu anayeangalia kwa jicho moja.

MAHARI ILIVYOMRUDIA MWENYEWE

Lakini yapo mambo mawili ambayo kambi ya Duma hawapendi kuyasikia.

La kwanza lilitokea tarehe 5 Novemba 2023 mjini Frankfurt, Ujerumani. Chiefs na Dolphins walipelekwa kucheza huko, na kwa mara moja sisi wa huku hatukukesha, mechi ilianza saa 11 na nusu jioni kwa saa zetu. Ikawa mara ya kwanza Duma kukutana na mwenzi wake wa zamani tangu waachane. Karibu na mapumziko alidaka mpira mfupi akataka kuondoka nao. Beki Trent McDuffie akaupiga mpira ukamtoka Duma mikononi, Mike Edwards akauokota, akampasia Bryan Cook, na Cook akakimbia yadi 59 hadi tachidauni. Chiefs walishinda 21 kwa 14.

Sasa sikia utamu wenyewe. McDuffie alipatikana vipi Kansas City? Chiefs walichukua ile nafasi ya mzunguko wa kwanza waliyopewa na Miami, wakaichanganya na nyingine, wakapanda juu kwenye drafti ya 2022 na kumchagua huyo McDuffie. Yaani Duma aliporwa mpira na mtu aliyenunuliwa kwa bei yake mwenyewe! Ni sawa na kukuta mume wako wa zamani anaendesha gari lililotokana na kitanda ulichomwachia.

La pili ni baridi ya Januari 2024. Mtoano, Arrowhead, nyuzi 20 chini ya sifuri, baridi ya kugandisha masharubu. Duma alirudi kwenye nyumba yake ya zamani. Alidaka tachidauni moja ya yadi 53, na hizo ndizo pointi pekee za Miami usiku ule. Chiefs 26, Dolphins 7. Wiki chache baadaye, tarehe 11 Februari 2024, Chiefs wakawafunga 49ers 25 kwa 22 wakatwaa tena Super Bowl. Tachidauni ya ushindi ilidakwa na Mecole Hardman, ambaye mwanzoni mwa mwaka 2023 alikuwa ameondoka zake New York Jets, akarudishwa Oktoba. Kumbe wapo wa zamani wanaorudishwa!

Siri ya msimu ule ilikuwa kwenye ngome. Pointi walizoruhusu ni 294 tu, na timu moja pekee katika ligi iliruhusu chache kuliko wao. McDuffie alichaguliwa kwenye kikosi bora cha ligi. Kwa kifupi, Chiefs waliuza mbio wakanunua ukuta.

USIKIMBILIE KUSHANGILIA: TALAKA NYINGINE MBILI

Hapa ndipo kambi ya pili wanapojisahau. Wanasema, "Mnaona? Mdakaji ni pambo tu, muuze yeyote." Taratibu, jamani! Hebu tuangalie wenzao.

Green Bay walipomtoa Davante Adams walikuwa na mrushaji Aaron Rodgers, mshindi wa tuzo ya thamani mara mbili mfululizo, 2020 na 2021. Misimu mitatu mfululizo walikuwa wameshinda mechi 13. Ukisikiliza maneno ya vijiweni utasema mrushaji mkali kama huyo hawezi kuyumba. Aliyumba. Mwaka 2021 mipira yake iliyodakwa na adui ilikuwa 4 tu. Mwaka 2022 ikawa 12. Timu ikashinda mechi 8, ikafungwa 9, mtoano wakautazama kwenye luninga. Adams naye kule Las Vegas alidaka yadi 1,516 na tachidauni 14, lakini Raiders wakaporomoka kutoka ushindi wa mechi 10 hadi 6. Talaka hiyo iliwatia umaskini wote wawili.

Ya tatu ndiyo ya kusikitisha. Tennessee Titans walikuwa na mdakaji A.J. Brown, kijana wa miraba minne. Msimu wa 2021 Titans walishinda mechi 12 na kushika nafasi ya kwanza upande wao wa ligi. Hawakuafikiana naye juu ya mshiko, na usiku wa drafti, tarehe 28 Aprili 2022, wakampeleka Philadelphia Eagles kwa nafasi mbili za drafti. Eagles wakampa miaka minne, dola milioni 100, bila kupepesa macho.

Titans wakatumia nafasi ile kumchagua mdakaji mwingine, Treylon Burks, wakidhani wamebadilisha shati tu. Burks msimu wake wa kwanza alipata yadi 444. Brown huko alikokwenda alipata 1,496. Desemba 4, 2022 wakakutana: Eagles 35, Titans 10, Brown yadi 119 na tachidauni mbili. Siku mbili baadaye meneja mkuu aliyemuuza, Jon Robinson, akafukuzwa kazi. Titans walifungwa mechi saba za mwisho mfululizo. Na Brown? Februari 2025 alivaa pete ya ubingwa, Eagles walipowachapa hao hao Chiefs 40 kwa 22, na yeye akiwa na tachidauni yake moja.

HUKUMU YANGU: MTAZAME WA PILI

Sasa msomaji utaniuliza, kama talaka moja ilileta mataji mawili, nyingine ikaleta njaa kwa wote, na ya tatu ikamfukuzisha mtu kazi, mdakaji nyota ana thamani au hana?

Mimi nasema watu wanabishana juu ya mtu aliyeondoka, wakati jibu liko kwa mtu aliyebaki. Twende kwenye hesabu ya mwaka 2021, msimu wa mwisho kabla ya talaka zote tatu.

Kansas City: Duma yadi 1,239. Wa pili wake, Travis Kelce, yadi 1,125. Karibu wanalingana!

Green Bay: Adams yadi 1,553. Wa pili wake, Allen Lazard, yadi 513. Theluthi moja tu.

Tennessee: Brown yadi 869 ingawa alikosa mechi kadhaa. Wa pili wake, Nick Westbrook-Ikhine, yadi 476. Kama nusu hivi.

Umeona mchezo ulivyo? Kansas City walipoamka asubuhi ya talaka, mezani bado kulikuwa na chai, mkate na mayai. Kelce msimu uliofuata alipata yadi 1,338, nyumba haikulala njaa. Green Bay na Tennessee walimfukuza mpishi wakati ndani hamna mwingine anayejua kuwasha jiko. Duma ni hodari kuliko Brown? Inawezekana. Lakini pengo aliloacha lilikuwa dogo kuliko la Brown, na timu inalipia pengo, hailipii sifa.

Hesabu hiyo inafanya kazi hata anakokwenda nyota. Brown alifika Philadelphia akamkuta DeVonta Smith, mdakaji mwingine mkali, na timu iliyokwisha kamilika. Eagles wakapanda kutoka ushindi wa mechi 9 hadi 14. Nyota akienda mahali pasipo na watu, anakuwa kama taa ya mnara kwenye nyumba isiyo na paa. Unaiona kutoka mbali, lakini mvua inanyesha ndani.

Kama huamini, mkumbuke Calvin Johnson wa Detroit Lions. Mwaka 2012 alidaka yadi 1,964, rekodi ya msimu mmoja katika ligi nzima. Timu yake ilishinda mechi 4 ikafungwa 12. Mwaka 2024 Ja'Marr Chase wa Cincinnati aliongoza ligi kwa mipira aliyodaka, kwa yadi na kwa tachidauni, vyote vitatu, na timu yake haikufika mtoano. Lakini Cooper Kupp alipofanya hivyo hivyo mwaka 2021, Los Angeles Rams wake walikuwa wamekamilika, wakachukua Super Bowl na yeye akawa mchezaji bora wa fainali.

NA DUMA MWENYEWE JE?

Kuna jambo moja linanikera katika ubishi huu. Watu wanauliza Kansas City ilipata nini, Miami ilipata nini, kama vile Duma ni gunia la mchele. Yeye naye ni binadamu mwenye miguu miwili, na miguu hiyo ndiyo shamba lake.

Miami, pamoja na mbwembwe zote, haikushinda mechi hata moja ya mtoano katika misimu miwili ya kwanza ya Duma, na mwaka 2024 haikufika kabisa huko. Yadi zake zikashuka hadi 959. Wanaomcheka wanasema aliacha pete mbili akafuata noti. Ni kweli, pete mbili zilipita pembeni yake.

Kisha tarehe 29 Septemba 2025, katika mechi dhidi ya New York Jets, goti lake la kushoto likateguka vibaya mbele ya kamera, akatolewa uwanjani kwa kigari, msimu wake ukaishia pale. Alikuwa na miaka 31. Waliokuwa wakimwita mpenda fedha ghafla walinyamaza.

Sasa niambie, kijana mwenzangu: ungekuwa wewe mwaka 2022, una miaka 28, mbio zako ndizo duka lako na hujui siku litakapofungwa, ungebaki kwa mshiko mdogo ili mashabiki wakupigie makofi? Makofi hayalipi kodi ya nyumba. Alipouza, soko lilikuwa juu. Kansas City nayo ilipouza, soko lilikuwa juu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo talaka pekee kati ya zile tatu ambayo kila mmoja alitoka na alichokitaka: huyu akapata fedha, wale wakapata mataji. Anayepaswa kulia labda ni Miami, na hata yeye alipata misimu miwili ya raha ambayo tiketi yake ilikuwa halali.

Kwa hiyo ukikuta watu wanabishana juu ya nyota fulani, eti bila yeye timu imekufa, au eti ni wa kuuzwa kesho, usirushe mawe upande wowote. Uliza swali moja tu: wa pili wake ni nani, na ana yadi ngapi? Ukijibiwa, utajua kama ni talaka ya Kansas City au ya Tennessee.

Na wewe binti au kijana unayenisoma huku unawaza mambo ya nyumbani kwako, tafadhali usinielewe vibaya. Sijasema uwe na wa pili. Hayo ni ya uwanjani tu. Ukifumaniwa, jina langu usilitaje!